Namna ya Kujikinga na Hewa Chafu Ukiwa na Shinikizo la Juu la Damu

Mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana shinikizo la juu la damu, ambalo wengi tunaliita presha, maelekezo anayoondoka nayo hospitalini huwa ni yale yale: apunguze chumvi, apunguze uzito, aache sigara, afanye mazoezi na ameze dawa bila kuruka siku. Maelekezo hayo ni sahihi, na hakuna lolote katika mwongozo huu linalokuja kuyatengua. Swali ambalo mara nyingi haliulizwi ni la hewa: mgonjwa anavuta hewa ya namna gani, akiwa wapi, na kwa saa ngapi kila siku? Mwaka 2010 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba ushahidi uliokusanywa unaafiki kuwa chembe laini za hewa chafu ni kisababishi cha maradhi na vifo vya moyo na mishipa ya damu, na kwamba hatari hiyo inaweza kupunguzwa. Mwongozo huu unahusu namna ya kuipunguza, na msimamo wake ni kwamba mtu aanze na moshi ulio karibu zaidi na pua yake kabla ya kuhangaika na moshi wa mji mzima.

Chembe zinazohusika ni ndogo mno. Wataalamu huziita PM2.5, yaani chembe ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 50 hadi 70. Hutoka kwenye moshi wa dizeli, kuni, mkaa, takataka zinazochomwa, viwanda, tumbaku na mioto ya misitu. Vumbi la kawaida la barabarani, lile unaloliona kwenye viatu, kwa sehemu kubwa hunaswa puani na kooni, ila chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kupita zote huweza kuingia kwenye damu yenyewe.

Madhara yake kwa presha hupitia njia tatu zenye kasi tofauti, na ni vema kuzijua kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini kinga ya leo ina faida leo na pia baada ya miaka. Njia ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu: chembe zinapoyachokoza mapafu, mwili hujibu kana kwamba umeshtuliwa, mishipa ya damu hubana na presha hupanda ndani ya dakika au saa chache. Njia ya pili ni ya uvimbe na kemikali haribifu zinazosambaa mwilini kwa saa na siku kadhaa, ambazo huufanya utando wa ndani wa mishipa ushindwe kuilegeza mishipa inavyopaswa. Njia ya tatu huchukua miaka: ateri hukakamaa, mafuta hujijenga kwenye kuta zake, na presha iliyokuwa ikipanda na kushuka hatimaye hubaki juu.

Kuhusu ukubwa wa athari hiyo, ni muhimu kusema kweli bila kutisha. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba PM2.5 inapoongezeka kwa mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo ya hewa, presha ya juu (ile namba ya kwanza) hupanda kwa takriban milimita 1 hadi 3 za zebaki. Kwa mtu aliyezoea kuona mashine ikimpa 150 leo na 142 kesho, hilo linaonekana ni jambo dogo. Hata hivyo, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002 uliohusisha watu wazima wapatao milioni moja ulikadiria kwamba presha ya kawaida ya mtu ikiwa chini kwa milimita 2 tu, hatari ya kufa kwa kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 10. Isitoshe, anayepikia kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha havuti mikrogramu 10 za ziada; anaweza kuvuta mamia.

Pima presha na hewa kwa pamoja

Kabla ya kununua kifaa chochote au kubadili utaratibu wa nyumba, tumia wiki moja kujua hali yako. Utahitaji mashine ya kupimia presha ya mkono wa juu, kwa kuwa zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi, pamoja na daftari. Pima asubuhi kabla ya kumeza dawa na kabla ya kula, kisha jioni, kwa siku saba mfululizo. Kabla ya kupima, nenda haja ndogo, kaa kimya kwa dakika tano bila kuzungumza wala kushika simu, egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne, na uweke mkono juu ya meza ili mkanda wa mashine uwe usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi tupu, si juu ya mkono wa shati. Usiwe umekunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya mazoezi ndani ya nusu saa iliyotangulia. Chukua vipimo viwili vikipishana kwa dakika moja, uandike vyote viwili hata kama kimoja hukukipenda. Mwisho wa wiki, acha vipimo vya siku ya kwanza na utafute wastani wa vilivyobaki. Ukifika 135/85 au zaidi, presha yako ya nyumbani inahesabiwa kuwa ya juu, ingawa hospitalini kikomo kinachotumika na wengi ni 140/90.

Mbele ya kila kipimo, andika maneno machache kuhusu hewa uliyovuta saa chache zilizopita: ulipika kwa nini na kwa muda gani, ulikaa kwenye foleni, jirani alichoma takataka, ulilala dirisha likiwa wazi upande wa barabara. Maelezo haya hayatakupa hitimisho la kisayansi, kwani presha ya mtu mmoja huyumbishwa na usingizi, hasira, chumvi na mambo mengine kadha wa kadha. Faida yake ni nyingine: yanakuonyesha saa zipi za siku yako zina moshi mwingi, na mara nyingi mtu hugundua kwamba saa mbili tu, tuseme za jikoni na za safari ya kazini, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uchafu wa siku nzima.

Kama eneo lako lina kituo cha kupima ubora wa hewa, soma namba zake kwa uangalifu, kwa maana hapo watu wengi huteleza. Namba inayoonyeshwa kwenye programu nyingi za simu ni fahirisi ya ubora wa hewa, ambayo haina kipimo cha uzito, nayo si sawa na mikrogramu. Katika fahirisi ya Marekani, inayotumiwa sana, namba 100 ya PM2.5 inalingana na takriban mikrogramu 35 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilipendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 na wastani wa mwaka usizidi 5. Kwa hiyo rangi ya manjano inayosema hewa ni ya wastani inaweza kuwa tayari imepita kiwango cha Shirika hilo, na mwenye presha asiichukulie kuwa ruhusa. Shirika hilo hilo linasema kuwa takriban watu wote duniani, asilimia 99, huvuta hewa inayozidi viwango vyake, jambo linaloonyesha kwamba lengo lako ni kupunguza, kwa kuwa kuepuka kabisa hakuwezekani.

Vifaa vidogo vya kupimia hewa nyumbani husaidia kulinganisha chumba na chumba au saa na saa, ila penye ukungu au unyevu mwingi huwa vinatia chumvi, kwa sababu huhesabu matone ya maji kama chembe. Asiye na kifaa wala kituo atumie macho na pua: masizi kwenye kuta na dari, harufu ya moshi kwenye nguo, macho yanayowasha wakati wa kupika, na vumbi jeusi linalobaki kitambaani unapofuta ukingo wa dirisha.

Jikoni ndiko kwa kuanzia

Watu zaidi ya bilioni 2 duniani bado hupikia kuni, mkaa, makaa ya mawe, samadi au mafuta ya taa, na kwao hakuna hatua yenye faida kubwa kuliko kubadili jinsi moto unavyowaka. Ikiwezekana, hamia kwenye umeme au gesi. Umeme hautoi moshi wa nishati kabisa. Gesi hutoa chembe chache mno ikilinganishwa na kuni, ingawa hutoa naitrojeni dioksidi, gesi inayochokoza mapafu, na kwa hiyo dirisha bado linapaswa kufunguliwa. Jambo linalosahaulika ni kwamba kuwa na jiko jipya hakutoshi ikiwa la zamani bado linawaka kila siku pembeni kwa ajili ya vyakula vinavyochukua muda mrefu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotoa moshi mwingi. Ukiwa na gesi kidogo, itumie kwa mapishi marefu badala ya kuihifadhi kwa ajili ya kuchemsha maji ya haraka.

Asiyeweza kubadili nishati ana mengi ya kufanya bado. Nchini Guatemala, wanawake waliopewa majiko ya kuni yenye dohani badala ya moto wa wazi walionekana kuwa na presha ya juu iliyopungua kwa takriban milimita 3.7 na ya chini kwa milimita 3, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Kuni zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni njia ya moshi. Dohani ipite juu ya paa, isiishie chini ya mapaa, na isafishwe masizi mara kwa mara, kwani iliyoziba hurudisha moshi wote chumbani. Pasipo dohani, pikia nje au chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili, na ukae upande ambao upepo unatokea. Kuni zikaushwe kabisa kabla ya kutumiwa, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hupunguza joto la moto na kuzidisha moshi. Jiko la mkaa liwashiwe nje, likae huko mpaka mkaa ushike moto wote, kwa kuwa dakika za kuwasha ndizo zenye moshi mzito, na mtu asithubutu kuwashia plastiki au mpira. Funika sufuria, loweka usiku kucha nafaka kavu na jamii ya kunde, na uzime moto mara mapishi yanapokwisha badala ya kuuacha ufuke.

Hapa pana tahadhari ambayo si ya presha peke yake. Mkaa ulioshika vizuri hauonekani kutoa moshi, na ndiyo maana wengine huuingiza chumbani kwa ajili ya joto. Kumbe unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Mwenye presha yumo katika hatari ya kujidanganya zaidi, kwa sababu anapoamka na kichwa kinachouma na kizunguzungu husema ni presha imepanda. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Kichwa kinachouma chumbani na kupoa ukitoka nje, hasa kama wenzako wa chumba kile wanaumwa vivyo hivyo, kikushtue kuhusu gesi hiyo: tokeni nje wote, na mtafute matibabu siku hiyo hiyo.

Moshi mwingine wa ndani ni mfupi kuusimulia: taa ya kibatari, dawa ya mbu ya kuchoma, vitu vya kufukiza, mishumaa mingi kwenye chumba kidogo, na sigara. Kibatari kibadilishwe kwa taa ya sola au ya betri, na dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe kwa chandarua. Kuhusu sigara, kuivutia dirishani hakulindi wengine waliomo ndani, na anayeishi na mgonjwa wa presha anapaswa kuivutia nje kabisa, kama hajawa tayari kuiacha.

Barabarani na safarini

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu wazima wenye presha ya kawaida ambao walitembezwa ndani ya gari katika saa za foleni, siku nyingine gari likiwa na vichujio madhubuti vya hewa na siku nyingine bila vichujio. Hewa ya barabara isiyochujwa iliipandisha presha yao kwa zaidi ya milimita 4 ndani ya saa moja ya safari, na ongezeko hilo lilikuwa bado linaonekana siku iliyofuata. Watu wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo mtu asiikariri namba hiyo kama amri, ila jaribio lenyewe linamhusu kila anayekaa kwenye foleni asubuhi na jioni.

Ukiwa ndani ya gari lako, funga vioo na ubonyeze kitufe kinachozungusha hewa ya ndani unapokuwa nyuma ya lori, basi au kwenye foleni iliyosimama, kisha uruhusu hewa mpya iingie mara barabara inapofunguka. Usiizungushe hewa hiyo ya ndani kwa saa nzima mkiwa wengi, maana hewa ya kupumua iliyorudiwarudiwa huleta usingizi kwa dereva. Magari mengi ya kisasa yana kichujio cha hewa ya ndani ambacho fundi hakigusi mpaka aambiwe. Mwombe akitoe akuonyeshe, na kama kimegeuka cheusi na kujaa majani, kibadilishwe.

Kwa anayetembea au kuendesha baiskeli, umbali ndio kinga. Uchafu unaotoka moja kwa moja kwenye magari hupungua kwa kasi ndani ya mita 150 hadi 300 kutoka barabara kuu, hivyo njia ya nyuma iliyo sambamba na barabara, hata ikiwa ndefu kwa dakika chache, ina faida ya kweli. Kituoni, simama mbali na mahali mabasi yanapoanzia kuondoka, kwa sababu injini hutema moshi mwingi zaidi gari linapoanza kukokota. Mwenye kuuza bidhaa kando ya barabara hawezi kuhama kwa ushauri wa makala, ila anaweza kugeuza meza ili upepo umtokee nyuma badala ya kumletea moshi usoni, na kutumia saa za magari machache kwa kazi nzito. Kelele za magari nazo, hasa za usiku, zimehusishwa na presha ya juu. Chumba cha kulala kikihamishiwa upande usiotazama barabara, mtu anakuwa amejikinga na mambo mawili kwa mkupuo mmoja.

Barakoa inafanya kazi, lakini si kila barakoa. Huko Beijing, watafiti waliwatembeza wagonjwa wa moyo mjini kwa saa mbili, mara wakiwa na barakoa yenye kuchuja vizuri na mara bila, na presha yao ilikuwa chini walipoivaa. Barakoa zinazofaa ni za daraja la N95, FFP2 au zinazolingana nazo, ambazo huchuja angalau asilimia 94 hadi 95 ya chembe. Kitambaa cha kawaida na ile ya upasuaji hupitisha hewa pembeni. Ili ujue kama imekaa sawa, bana waya wa pua, funika barakoa kwa viganja viwili na utoe pumzi kwa nguvu: ukisikia upepo kwenye macho au mashavuni, irekebishe. Ndevu nyingi huiharibu kazi hiyo yote. Anayeshindwa kupumua vizuri akiivaa, au mwenye ugonjwa wa mapafu au moyo kushindwa kufanya kazi, amuulize daktari wake kabla ya kuitumia kwa muda mrefu.

Chumba kimoja kilicho safi

Watu wengi hujaribu kusafisha hewa ya nyumba nzima na kuishia kutosafisha popote. Chagua chumba kimoja, na cha kulala ndicho kinachofaa kwa kuwa hapo hupita takriban theluthi ya maisha. Kinachohitajika ni mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, ambacho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliounganisha majaribio kadhaa ya vichujio vya nyumbani ulipata kwamba presha ya juu ilishuka kwa wastani wa takriban milimita 4 baada ya siku chache hadi wiki kadhaa za matumizi, ingawa si kila jaribio lilipata tofauti.

Kosa la kawaida katika kununua ni kuangalia sura ya mashine badala ya uwezo wake. Piga hesabu hivi: chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 40. Ukitaka hewa yake ichujwe mara tano kwa saa, unahitaji mashine inayotoa mita za ujazo 200 za hewa safi kwa saa, na namba hiyo huandikwa kwenye boksi au kitabu chake. Soma uwezo wa kasi utakayoitumia kweli, kwa sababu wengi huipunguza usiku kwa ajili ya kelele na kubaki na nusu ya kazi. Kichujio kibadilishwe kwa wakati. Epuka mashine zinazojisifu kwa kutoa ozoni au hewa yenye harufu ya mvua, kwani ozoni yenyewe ni uchafu unaodhuru mapafu.

Mashine hizo ni ghali kwa wengi, na zipo njia za kati. Feni ya mraba iliyofungwa kwa nyuma kichujio cha hewa cha daraja la juu, kingo zikizibwa kwa utepe ili hewa isipenye pembeni, hupunguza chembe kwa kiasi cha kuridhisha. Pasipo umeme, mpango wa madirisha ndio unaobaki: yafungwe wakati moshi wa nje unapozidi, yafunguliwe unapopungua. Mahali pengi uchafu hujikusanya karibu na ardhi usiku na alfajiri, hewa inapokuwa baridi na tulivu, kisha hupungua jua linapopasha ardhi na upepo unapoanza. Palipo na joto kali, usimfungie mzee ndani ya chumba kisichopitisha hewa kwa hofu ya moshi. Joto nalo linamdhuru mgonjwa wa moyo na presha, hasa anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini.

Mazoezi na dawa

Usiache mazoezi. Kwa viwango vya kawaida vya uchafu, faida ya kutembea kwa haraka nusu saa inazidi madhara ya hewa iliyovutwa. Linalopaswa kubadilishwa ni saa na mahali, kwa kuwa mtu anayekimbia huvuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa. Epuka ukingo wa barabara kuu na saa za foleni, na siku ambazo moshi unaonekana kwa macho au fahirisi imepita 150, fanya mazoezi ndani. Penye jua kali na magari mengi, ozoni hupanda mchana na alasiri, hivyo asubuhi baada ya ukungu kuondoka huwa afadhali.

Upande wa dawa, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni hili: moshi huziba pua na kuumiza kichwa, na mtu hukimbilia duka la dawa kununua tiba ya mafua. Vidonge vingi vya kuzibua pua vina dawa kama pseudoefedrini au fenilefrini, ambazo hubana mishipa ya damu na zinaweza kupandisha presha. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki nazo huweza kuipandisha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha zikitumiwa mfululizo. Hivyo moshi unakudhuru mara ya kwanza kwa chembe na mara ya pili kwa kidonge. Soma viambato, mwambie mfamasia kwamba una presha kabla hajakupa chochote, na kwa pua iliyoziba jaribu kwanza kuisafisha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo. Maji hayo hayamezwi, kwa hiyo chumvi yake haikuhusu.

Hakuna kidonge wala kinywaji kilichothibitishwa kuondoa athari ya moshi kwenye presha, na vile vinavyouzwa kwa jina la kusafisha mapafu au damu visikulie fedha. Wala usijiongezee kipimo cha dawa zako kwa sababu siku hiyo hewa ni mbaya. Peleka daftari lako kliniki, umwonyeshe daktari safu ya vipimo pamoja na ile ya moshi, na umwambie waziwazi unapikia nini na unafanya kazi wapi. Mjamzito afanye hivyo mapema kuliko wote, kwani hewa chafu imehusishwa pia na presha ya ujauzito, ambayo haisubiri wiki ya kujipima.

Mashine ikionyesha 180/120 au zaidi, tulia, kaa kwa dakika tano na upime tena. Ikibaki pale pale na huna dalili nyingine, wasiliana na kituo chako cha afya siku hiyo hiyo kwa maelekezo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu au ganzi ya upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, kushindwa kuzungumza, kuona kiza au kuchanganyikiwa, usipime mara ya pili wala kungoja moshi upungue: pelekwa hospitali mara moja, wala usijiendeshe mwenyewe.